Umeambiwa Mfalme Amefariki: Namna ya Kupima Habari Kabla Hujaisambaza

Kila mfalme mzee anapolazwa, maswali ni yaleyale. "Jamani, ni kweli?" "Mbona Kasri limekaa kimya?" "Mbona mtangazaji kavaa tai nyeusi?" Kabla hata swali halijajibiwa, mmoja keshaandika Inna lillahi, mwingine kaweka picha ya mshumaa, na watu wazima wanapeana pole kwa msiba ambao haujatokea.

Mwongozo huu ni wako wewe unayesimamia kundi la WhatsApp, unayeendesha ukurasa wa habari, au mwenye ndugu Muscat na London wanaokupigia simu kila uvumi ukizuka. Huhitaji kuwa mwandishi wa habari. Unahitaji nusu saa ya subira na kujua pa kuangalia. Naomba uichukue kazi hii kwa uzito, kwa sababu anayezungumziwa ni mgonjwa mwenye watoto na wajukuu, na wao pia wana simu.

Kabla hujaanza, uwe na vitu hivi

- Jina kamili la mfalme, nchi yake, umri wake na jina la mrithi wake, kama anajulikana.
- Anwani ya tovuti rasmi ya kasri au ya shirika la habari la taifa husika. Iandike mwenyewe kwenye kivinjari. Usibonyeze kiungo ulichotumiwa pamoja na uvumi.
- Vyombo viwili au vitatu vikubwa vya habari visivyokuwa na mmiliki mmoja.
- Saa ya mji alipo mfalme. Simu yako inaweza kukuonyesha.
- Habari ya mwisho ya kweli kuhusu afya yake: alilazwa lini, alionekana hadharani lini, kasri lilisema nini.

Hicho cha mwisho watu wengi hukiruka, na ndicho kitakachokusaidia kuliko vyote. Uongo unaoshika kasi hupandikizwa juu ya jambo la kweli. Tarehe 20 Februari 2022 Kasri la Buckingham lilitangaza kwamba Malkia Elizabeth ana UVIKO. Siku mbili baadaye tovuti moja ya udaku ya Marekani ikatangaza amefariki. Aliishi miezi sita na zaidi baada ya hapo. Tarehe 5 Februari 2024 Mfalme Charles akatangaza kuwa ana saratani. Tarehe 18 Machi ikazuka barua ya kughushi kwamba amekufa. Ukijua ugonjwa ni wa kweli, usiharakishe kuamini kwamba na kifo ni cha kweli.

Hatua

1. Tulia, kisha uliza "nani kasema?"

Mtu aliyekuforwadia siye chanzo. Mrudishie swali: wewe umeitoa wapi? Fuata mnyororo mpaka ufike kwa aliyeandika wa kwanza, au mpaka njia iishe. Ikiishia kwenye picha ya skrini isiyo na tarehe wala kiungo, huna habari bado, una picha tu.

Kagua jina la akaunti herufi kwa herufi. Mwishoni mwa Desemba 2016, Malkia Elizabeth alipokosa ibada ya Krismasi kwa sababu ya mafua makali, akaunti iliyojifanya ya BBC ilitangaza kifo chake, na wengi wakaisambaza kwa sababu waliona herufi hizo tatu wakaridhika. Tiki ya buluu nayo isikuzuge. Siku hizi inanunuliwa.

2. Mjue mwenye mamlaka ya kutangaza

Kila ufalme una mlango wake. Uingereza ni Kasri la Buckingham, ambalo hutoa taarifa kwa vyombo vyote kwa pamoja na kubandika tangazo getini. Saudi Arabia ni Diwani ya Kifalme, yaani ofisi ya mfalme, kupitia shirika la habari la taifa. Oman ni Diwani ya Sultani na televisheni ya taifa. Thailand ni ofisi ya Kasri la Kifalme. Kwa jirani zetu wa Buganda, sikiliza Katikkiro, waziri mkuu wa ufalme huo, na Mengo, makao makuu yake. Huko kuna pia moto wa kifalme unaowaka langoni mwa Lubiri, kasri la Buganda, na kuzimwa Kabaka, yaani mfalme, anapoaga dunia, lakini wewe uliye mbali huuoni, kwa hiyo usidanganywe na picha ya majivu.

Daktari wa mtandaoni, "mtu wa ndani", jamaa anayefanya usafi hospitalini, balozi mstaafu: hao wote wanaweza kuwa wakweli, ila hawana mamlaka ya kutangaza. Waandike pembeni kama tetesi.

3. Isome taarifa yenyewe, neno kwa neno

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Chukua taarifa mbili uzilinganishe.

Ile ya kweli ya tarehe 8 Septemba 2022 ilikuwa na sentensi mbili tu. Ya kwanza ilisema Malkia Elizabeth amefariki kwa amani Balmoral, kasri lake la Scotland, mchana huo. Ya pili ilisema Mfalme na mkewe watalala Balmoral usiku huo na watarejea London kesho yake. Tazama yaliyomo: mahali, siku, namna, na muhimu zaidi, tayari yupo mtu anayeitwa Mfalme na tunaambiwa atalala wapi.

Ile ya kughushi ya tarehe 18 Machi 2024 iliandikwa kwenye karatasi yenye nembo, ikasema Mfalme amefariki ghafla jana mchana. Basi. Haikutaja mahali. Haikumtaja mwanawe William, ambaye papo hapo angekuwa mfalme. Halafu hilo neno "jana": ingemaanisha nchi nzima yenye waziri mkuu, bunge na majeshi imekaa na maiti ya mfalme usiku kucha bila mtu yeyote kujua. Baadhi ya vyombo vya habari vya Urusi viliichapisha hata hivyo, na siku hiyohiyo balozi za Uingereza za Moscow na Kyiv zikalazimika kutoka hadharani kusema ni uongo.

Kwa hiyo jiulize: taarifa inataja mahali? Inataja mrithi? Inasema nini kitafuata? Tangazo la kifo cha mfalme ni tangazo la kazi pia, kwa sababu kiti hakikai bure. Karatasi inayolia tu bila kusema nani sasa anatawala, itilie shaka.

*Onyo:* nembo, muhuri na mwandiko mzuri si ushahidi. Kijana mwenye simu anaweza kuvitengeneza akiwa kwenye daladala.

4. Mtafute mrithi

Kasri likinyamaza, dola hainyamazi. Tarehe 23 Januari 2015, taarifa iliyotangaza kifo cha Mfalme Abdullah wa Saudi Arabia ndiyo hiyohiyo iliyomtaja Salman kuwa mfalme. Oman ilikuwa tofauti kidogo, na ndugu zetu wengi wenye asili ya Zanzibar waliokuwa Muscat waliishi saa zile kwa roho juu. Sultan Qaboos hakuwa na mtoto, na jina la aliyemtaka arithi alilifungia ndani ya bahasha. Alifariki tarehe 10 Januari 2020 jioni akiwa na miaka 79. Alfajiri ya tarehe 11 watu wakatangaziwa, familia ikafungua barua, na Haitham bin Tariq akala kiapo siku hiyohiyo. Sheria iliipa familia siku tatu za kukubaliana. Hawakuzihitaji.

Lakini usiifanye hii kuwa sheria ya chuma. Mfalme Bhumibol wa Thailand alipofariki tarehe 13 Oktoba 2016, mwanawe aliomba muda wa kuomboleza kwanza, na akakubali kiti rasmi tarehe 1 Desemba. Mtu aliyesema "hakuna mfalme mpya, basi yule hajafa" angekosea kwa wiki saba.

5. Zipime dalili, usizihesabu

Watu hupenda kukusanya dalili kumi dhaifu wakadhani wamepata moja yenye nguvu. Dhaifu ni hizi: picha ya mkono wenye michubuko, gari la wagonjwa lililopita, shughuli moja iliyoahirishwa, bendera iliyoshushwa nusu mlingoti. Bendera hasa huwapoteza wengi. Uingereza hushusha bendera ya taifa kwa misiba mingi, na ile bendera ya kifalme yenyewe haishushwi nusu mlingoti kamwe, hata mfalme akifa, kwa kuwa ufalme unahesabiwa haujakatika.

Nguo nyeusi za watangazaji? Zinahitaji akili. Tarehe 8 Septemba 2022 mtangazaji wa BBC alikaa hewani na tai nyeusi kabla ya tangazo, na kweli msiba ulikuwa umefika. Lakini vyombo vikubwa hufanya mazoezi ya siku hiyo. Juni 2015 mwandishi mmoja wa BBC aliona mazoezi hayo akadhani ni kweli, akaandika mtandaoni kuhusu Malkia, na BBC ikaomba radhi. Siku hiyohiyo Malkia alikuwa amekwenda hospitali kwa uchunguzi wake wa kila mwaka. Unaona jinsi mambo mawili ya kweli yanavyoweza kuzaa uongo mmoja?

Kisomo cha Kurani kikichukua nafasi ya vipindi kwenye televisheni ya taifa huko Ghuba, hiyo ni dalili nzito zaidi, ila inaweza kuwa ni msiba wa mwingine katika ukoo wa kifalme. Subiri jina.

Dalili zenye nguvu ni zile zinazogharimu: familia nzima kuacha kazi zake na kusafiri ghafla kwenda sehemu moja, au kasri lenyewe kubadilisha lugha yake. Mchana ule wa Septemba, kabla ya kifo kutangazwa, Kasri la Buckingham lilisema madaktari wa Malkia wana wasiwasi kuhusu afya yake na wameshauri abaki chini ya uangalizi. Miezi yote ya nyuma lilikuwa linazungumzia shida ya kutembea na ratiba nyepesi. Kasri linalochagua maneno kwa uangalifu hivyo, siku likisema "madaktari wana wasiwasi", limeshaiambia nchi ijiandae. Linganisha taarifa ya leo na ya mwezi uliopita kutoka mlango uleule, na utaelewa mengi kuliko kusoma maoni elfu moja.

6. Pima saa

Kati ya kifo na tangazo huwa kuna pengo. Familia huambiwa kwanza, kisha waziri mkuu, kisha dunia. Malkia Elizabeth alifariki saa 9:10 mchana kwa saa za huko. Waziri mkuu akaambiwa saa 10:30. Sisi tukatangaziwa saa 12:30 jioni, ambayo kwa Nairobi na Dar es Salaam ilikuwa saa 2:30 usiku. Bhumibol alifariki saa 9:52 alasiri, tangazo likatoka jioni. Kwa hiyo uvumi unaozuka ndani ya pengo hilo unaweza kuwa wa kweli na bado wewe usiwe na njia ya kuujua. Saa chache za kungoja hazikupunguzii kitu.

Kosa la kawaida hapa: kuona taarifa ya London imeandikwa "18:30" na kudai ilitoka kabla ya tukio, kwa kuchanganya saa ya Kiingereza, saa ya Kiswahili na tofauti ya masaa. Andika zote kwenye karatasi kwanza.

Pengo lenyewe wakati mwingine lina siri. Mfalme George V alifariki usiku wa tarehe 20 Januari 1936. Miaka 50 baadaye ilibainika kutokana na maandishi ya daktari wake, Lord Dawson, kwamba alimdunga mofini na kokeini kuharakisha mwisho, na sababu mojawapo ilikuwa habari iwahi magazeti ya asubuhi yenye heshima. Nalitaja si kukutia mashaka juu ya kila tangazo. Nataka ujue kwamba tangazo rasmi linakuambia mfalme amekufa; namna alivyokufa huenda ikajulikana wakati wewe ni mzee.

7. Andika unachokijua, uishie hapo

Kama bado hakijathibitishwa, maneno haya yanatosha: "Kuna habari zinazunguka kwamba fulani amefariki. Hadi saa hii kasri halijatangaza. Habari ya mwisho rasmi ni kwamba amelazwa tangu siku fulani. Tusubiri." Weka saa. Weka kiungo rasmi. Usiongeze "lakini mimi nahisi".

Kama kimethibitishwa, taja nani katangaza, na saa ngapi.

Makosa mengine ya kuyaepuka

Usijigeuze daktari. Mtu kuwa na uso uliosinyaa kwenye picha hakukuambii ugonjwa wake, na hata takwimu za hospitali zinaweza kukupotosha. Mfalme Mkuu Hirohito wa Japani alianguka tarehe 19 Septemba 1988, na kwa zaidi ya siku 100 wananchi walitangaziwa joto la mwili wake, mapigo ya moyo, shinikizo la damu na kiasi cha damu aliyoongezewa. Sherehe zikafutwa nchi nzima. Pamoja na namba zote hizo, kwamba alikuwa na saratani halikutangazwa rasmi mpaka alipofariki tarehe 7 Januari 1989.

Usichukulie "anaendelea vizuri" kama cheti cha afya. Septemba 1951 Mfalme George VI alitolewa pafu, na umma ukaambiwa ni mabadiliko katika muundo wa pafu. Neno saratani halikutajwa. Watu waliamini anapona. Alifariki usingizini tarehe 6 Februari 1952, wakati binti yake Elizabeth yuko Nyeri, na fununu kutoka kwa waandishi wa habari iliwafikia wasaidizi wake kabla ya taarifa rasmi.

Na usimzike mtu kwa sababu ya kutoonekana. Qaboos alikaa Ujerumani kwa matibabu tangu Julai 2014 hadi Machi 2015. Mara ngapi alitangazwa kufa kwenye simu za watu? Alirudi nyumbani na kutawala karibu miaka mitano zaidi.

Sheria nayo ipo. Oktoba 2009 soko la hisa la Bangkok liliporomoka kwa uvumi kuhusu afya ya Bhumibol, na waliosambaza wakakamatwa chini ya sheria ya makosa ya kompyuta. Mfalme aliishi miaka saba baada ya hapo. Kumkashifu mfalme huko ni kifungo cha miaka 3 hadi 15. Ukiwa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inahusu taarifa za uongo. Machi 2021 wapo waliokamatwa kwa walichoandika kuhusu afya ya Rais Magufuli. Ninakutajia ili uijue hatari. Haki ya raia kuuliza hali ya kiongozi wake naiamini kabisa, na kuuliza ni tofauti na kutangaza.

Mambo yakikwama

*Chombo kimoja kikubwa kimeripoti, vingine kimya.* Soma kama kinasema "kasri limetangaza" au "vyanzo vinasema". Kama ni vyanzo, ngoja. Kifo cha mfalme hakibaki kuwa habari ya chombo kimoja kwa zaidi ya dakika chache.

*Vyombo kumi vimeripoti, lakini vyote vinamnukuu mmoja.* Hicho ni chanzo kimoja.

*Kasri limekanusha, na bado watu wanasisitiza.* Angalia kanusho lina nini ndani. Video ya leo yenye kitu kinachoonyesha tarehe, au mgeni anayejulikana aliyekutana naye na kusema hivyo, ni kanusho lenye uzito. Sentensi tupu ya "habari hizo si za kweli" inakutosha kuacha kusambaza, ingawa haikuambii anaumwa kiasi gani.

*Kasri limenyamaza wiki nzima.* Ukimya ndio desturi ya makasri mengi. Oktoba 2021 Malkia Elizabeth alilala hospitali usiku mmoja, na Kasri lilithibitisha baada ya gazeti kuandika. Aliishi karibu mwaka mmoja baadaye.

*Taarifa iko kwa Kiarabu au Kithai.* Usitegemee tafsiri ya mashine kwa neno "kifo". Mtafute msomaji wa lugha hiyo. Kwa Kiarabu hutakosa mwalimu wa madrasa mtaani.

*Bibi yuko Muscat analia kwenye simu anataka kujua.* Mwambie ulichothibitisha na ambacho bado, kwa sauti ya upole, na umuahidi utampigia. Kisha mpigie kweli.

*Nimeshasambaza, na imeonekana ni uongo.* Futa kwa wote kama muda bado unaruhusu. Halafu andika palepale ulipotuma, si kwenye status yako: "Habari niliyotuma saa fulani kwamba mfalme fulani amefariki si ya kweli. Kasri limekanusha, kiungo hiki hapa. Naomba mliyoisambaza muirekebishe." Ujumbe huo uutume kila kundi ulikopeleka ule wa kwanza, na uuache juu ya kundi mpaka kesho yake, kwa kuwa wapo watakaofungua simu asubuhi.